Maoni ya Kaka

Kila Jumatatu asubuhi Karani alivaa hereni ili azungumze na simu.

Alijua ni upuuzi. Alikuwa amechapa hukumu mahakamani kwa miaka mingi, mpaka mtaa ukasahau jina lake ukabaki na la kazi, na mtu kama huyo hahitaji kuambiwa kwamba simu haina macho. Lakini binti wa maoni alipiga saa nne, na saa nne Karani alitaka kukutwa amependeza. Alioga, akajipaka mafuta, akavaa hereni, akaketi kwenye kiti kilichozoea mgongo wake. Kiti cha pili, mkono wa kushoto, kazi yake ilikuwa kubeba nguo zinazongoja pasi.

Binti wa maoni alikuwa ameajiriwa kuwauliza watu wanaionaje tamthilia ya Jumapili alasiri, *Mgahawa Umefungwa*. Mwenye mgahawa amekutwa amekufa kwenye chumba cha baridi, katikati ya maboksi ya kuku, mlango umefungwa na ufunguo haujulikani ulipo, na wafanyakazi wote wanalia kwa zamu. Namba ya Karani ilikuwa imechaguliwa na kompyuta, kitu ambacho hakijawahi kumchagua mtu kwa mapenzi, lakini yeye aliona amechaguliwa.

"Haya mama, jana umeonaje?"

"Nimeona maajabu. Mpishi mkuu amekaanga samaki kipindi kizima na aproni bado nyeupe pee. Yule si mpishi, mwanangu. Yule ni tangazo la sabuni."

Binti akacheka. "Na hakimu je?"

"Usinitajie! Anagonga meza kwa nyundo kama seremala. Nimechapa hukumu mpaka vidole vikapinda, sijaona hakimu mwenye nyundo."

"Sasa muuaji ni nani?"

"Keshia. Anayelia huku wanja wake umekaa sawasawa hana msiba."

"Mama, utanivunja mbavu!"

Hereni zilivaliwa kwa ajili ya kicheko hicho. Karani hakuwa na mume, hakuwahi kuwa naye, na hakuzaa. Wazazi wake walimpata yeye mmoja wakaona yatosha. Ukiacha binti wa maoni, simu yake ilipokea ujumbe wa matangazo ya kampuni ya simu, ambao nao aliusoma mpaka mwisho.

Basi Jumatatu moja, baada ya maswali, binti akasita.

"Mama, kuna jambo. Wakubwa wameamua tubaki na nyumba zenye watazamaji wawili na kuendelea. Wanasema maoni ya mtu mmoja hayajapingwa na yeyote, kwa hiyo hayajapikika. Wa peke yao tunawatoa. Na wewe uko peke yako, sivyo?"

Karani akaitazama sebule. Nguo kwenye kiti. Saa ya ukutani. Jumatatu zote zilizobaki za maisha yake, zimejipanga kimya.

"Nani kakwambia niko peke yangu? Niko na kaka yangu."

"Ee! Muda wote huu hujasema!"

"Hukuuliza. Na yeye si mtu wa maneno."

"Naye anamshuku nani?"

Karani alikuwa amewachapia waongo wengi hukumu zao, akajua uongo imara hauna mapambo. "Muosha vyombo," akasema. "Hakuna anayemtazama muosha vyombo."

Alipokata simu aliziondoa nguo kwenye kiti cha kushoto. Hakujiuliza kwa nini. Aliona tu si adabu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakupewa jembe, alipewa tabia. Wiki ya kwanza alipewa goti bovu, ili asiwe anainuka kuja kwenye simu. Wiki iliyofuata akachukia muziki wa tamthilia. Baadaye akawa mbishi, na hapo Karani akaanza kuufurahia uongo wake hasa, maana raha ya mbishi ni kumshinda. Jumapili alimsuta kwa sauti: "Si nilikwambia, kaka? Keshia huyo!" Mwanzoni alijijibu mwenyewe kwa sauti nzito, akicheka. Kisha akaacha kumjibia. Jumapili moja alijikuta amenyamaza katikati ya maneno, kama mtu anayempisha mwenzake aseme.

Jumatatu iliyofuata binti alipiga kwa uchangamfu kuliko siku zote.

"Mama, leo nakuuliza wewe tu. Kaka ameshanijibu."

"Kaka nani?"

"Kaka yako! Nilipiga mapema, akapokea. Akasema unaoga. Kumbe anaongea hivyo! Wewe ulisema si mtu wa maneno."

Ni kweli alikuwa bafuni. Ni kweli simu ilikuwa mezani. Karani akaitoa sikioni akatazama: ilikuwapo simu iliyopokelewa asubuhi ile, ndefu kuliko zote alizowahi kuongea yeye.

Hofu haikuja kwanza. Ulikuja wivu. Mwanamke mzima, mwenye mvi, alimwonea wivu mtu aliyemtunga mwenyewe, kwa kuwa binti alizungumza naye kwa muda mrefu zaidi.

"Alisema nini?"

"Mama, usikasirike." Sauti ya binti ikashuka. "Anasema hajawahi kumtaja muosha vyombo. Anasema unamsemea. Hapendi."

"Mwanangu, nisikilize. Sina kaka. Nilikudanganya ili usinitoe. Sina mtu humu ndani."

Binti akacheka, lakini si kile kicheko. "Acha utani bwana, mama. Mbona namsikia hapo nyuma anakohoa?"

Karani hakugeuka. Alikaa na simu sikioni mpaka ilipokatika yenyewe.

Alipoweza kuinuka alikwenda kugonga mlango wa jirani. Mama Mapacha alifungua, mtoto mmoja kiunoni, mwingine akimvuta gauni.

"Karibu dada Karani. Umemwacha nani na mzee?"

"Mzee gani?"

"Mh, unatuficha na sisi? Kila Jumapili mnabishana, ukuta wenyewe huu wa karatasi. Nilimwambia baba watoto, afadhali Karani wa watu amepata wa kugombana naye."

"Ni televisheni hiyo."

"Televisheni!" Mama Mapacha akacheka, akamhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno. Kisha akaona uso wa mwenzake, akapunguza sauti. "Dada, televisheni hainyamazi mtu akipita mlangoni. Yeye hunyamaza. Nikishapita anaendelea."

Jumapili iliyofuata Karani hakuwasha televisheni.

Kulikuwa na jua. Lilikuwa limelala sakafuni, jeupe, kama shuka. Nje watoto walipiga mpira. Alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, akajiambia kwamba yeye ni mtu wa ushahidi na kwamba kiti kitupu ni kiti kitupu. Saa ikafika. Ukutani kwa jirani ukaanza muziki wa tamthilia, ule ambao kaka aliuchukia.

Mpira nje ukaacha kupigwa.

"Washa."

Ilinong'onwa. Kushoto. Karibu sana.

Akawasha. Hakutazama. Macho yake aliyabandika kwenye kioo kama mtu aliyeambiwa asipepese. Mpishi alilia. Keshia alilia. Mpelelezi alifungua mlango wa chumba cha baridi, moshi mweupe ukatoka. Upande wa kushoto mtu alivuta pumzi. Akaishusha. Akavuta tena. Goti likalia, ko! kama goti bovu linavyolia likinyooshwa.

"Nani alimuua?" Karani akanong'ona. Hakujua amewezaje. Labda ni mazoea tu ya Jumapili.

"Hakuna aliyemuua," kaka akajibu. "Alikaa mle ndani akingoja atafutwe. Hakutafutwa."

Akatamani kulia. Jibu lile lilikuwa zuri kuliko lake, na lilikuwa la kweli. Na kwa dakika kadhaa, Mungu amsamehe, hakuogopa. Walitazama pamoja. Jua lilikuwa likimulika kutoka dirishani nyuma yao, na mbele, ukutani, vilikuwapo vivuli vya viti viwili. Kimoja kilikuwa na kichwa juu yake.

Si chake.

Usiku ule alilala kwenye korido, mlango wa nje wazi. Asubuhi aliishika simu mkononi na hakuiweka chini, si jikoni, si chooni. Hakuoga. Hereni hazikuvaliwa. Kulipokaribia saa nne ikalia, akaipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

Alimweleza binti yote, kwa kunong'ona: uongo, goti, Jumapili, kivuli. Kisha akasema alichojizoeza moyoni kukisema usiku kucha, akijua kinamgharimu nini. Akikisema, Jumatatu zimekwisha.

"Andika niko peke yangu. Nitoe. Mtoe na yeye."

Upande wa binti vikasikika vitufe vya kompyuta vikibonyezwa.

"Mama, mbona mnanichanganya? Nimepiga muda si mrefu akapokea yeye. Naye kasema hivyo hivyo."

"Hukupiga. Simu ninayo mimi tangu alfajiri."

"Kasema yuko peke yake. Kasema hajawahi kuwa na dada."

Sebuleni hakukuwa na sauti.

"Sasa humu kwenye kompyuta nina watu wawili," binti akaendelea, kwa upole, kama anayemfariji mgonjwa. "Nyumba ikiwa na mtu mmoja, lazima nimfute mmoja kwanza. Ndivyo kompyuta inavyotaka. Nambie tu, mama. Nani yupo?"

Swali jepesi. Mtoto wa darasa la kwanza angelijibu. Karani akafungua mdomo aseme *mimi*.

Sauti ikatoka. Ilitoka kwenye kiti cha kushoto.

"Mimi," ikasema.

"Asante, baba," binti akajibu.

Binti wa maoni ni ndugu yetu, na ndiye aliyeyasimulia haya, mara moja tu, mchana, taa zote zikiwa zimewashwa. Anasema alibonyeza kitufe, akampigia mtu mwingine, akala chakula cha mchana. Ni jioni ndipo alipohisi amesahau kitu, kama unapotoka nyumbani ukajipapasa mifuko. Wiki nzima alijipapasa. Mwishowe akaitafuta anuani, akaenda siku ya mapumziko yake, na machungwa kwenye mfuko, bila kuwa na hakika anampelekea nani.

Mama Mapacha alikuwa mlangoni kwake akianika nguo.

"Mama mmoja, mtu mzima," binti alimwambia. "Alikuwa akichapa mahakamani. Mcheshi sana."

Mama Mapacha alifikiri kwa moyo mweupe kabisa. "Hapa? Hapana, dada. Hapa anakaa mzee, tangu tuhamie. Peke yake, maskini. Goti linamsumbua." Akaanika shati, akasita, akalitoa tena kwenye kamba bila sababu. "Jumapili anabishana na televisheni. Tunamsikia."

Mlango wa pili ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Ndani mtu alikuwa akikohoa. Walipoutazama, akanyamaza.

Binti aliyaacha machungwa pale ukutani akaondoka, na hakuona haya kukimbia. Alikwenda moja kwa moja ofisini, akavaa hedifoni, akatafuta simu zilizorekodiwa za namba ile. Za kaka zilikuwapo zote, sauti nzito, maneno mengi. Akazitafuta za Jumatatu za zamani, za kabla kaka hajatajwa.

Nazo zilikuwapo. Alijisikia mwenyewe akisema, "Haya mama, jana umeonaje?"

Kikafuata kimya. Hakikuwa cha simu mbovu. Kilikuwa kimya chenye urefu wa jibu, na ndani yake kwa mbali saa ya ukutani ikigonga.

Kisha akajisikia akicheka, kicheko kile cha kutoka tumboni, cha mtu aliyechekeshwa kwelikweli. Kimya tena. Swali. Kimya. Na mwishoni, sauti yake mwenyewe, imejaa furaha, ikimwambia mtu asiyekuwapo:

"Mama, utanivunja mbavu!"