Filimbi ya Shangazi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja: kumhesabia shangazi yake pumzi. Shangazi aliketi kitandani, akashika chupa yenye maji nusu, akapuliza kwa mrija mpaka mapovu yakachemka. Chiriku alihesabu kwa sauti. Jina hilo la Chiriku alibandikwa na shangazi mwenyewe, kwa sababu mdomo wa mtoto huyu haukujua kupumzika.

"Kumi na mbili! Jana ulifika tisa tu."

"Jana ulikuwa unanichekesha," alijibu shangazi akihema. "Mapafu yenyewe yamepunguzwa, na bado unanichekesha!"

Shangazi alikuwa refa wa mpira wa pete kwa miaka mingi. Mwaka uliopita madaktari walimkuta na saratani ya mapafu, wakamkata sehemu ya pafu moja. Tangu hapo aliapa kwamba atapuliza filimbi uwanjani tena, na siku yenyewe ilikuwa imekaribia. Jumamosi, shule ya akina Chiriku ingecheza mechi ya hisani. Michango yote ingekwenda hospitali kuu, kwa wataalamu waliokuwa wakitafiti namna ya kuigundua saratani ya mapafu mapema.

Chiriku alipewa kazi ya kupita mtaani na kopo la michango. Mlango wa kwanza ulikuwa wa kinyozi. Kinyozi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaizima mashine yake ya kunyolea.

"Huyo shangazi yako," aliuliza, "alikuwa anavuta sigara?"

Chiriku alilitazama kopo lake. Jibu alilijua: shangazi alivuta tangu ujana wake, akaacha alipoanza kukohoa. Lakini kinyozi alikuwa amekunja uso, na Chiriku akajiambia, huyu akiusikia ukweli hatoi hata senti.

"Hapana," alisema. "Hajawahi hata kuishika."

"Aa," alisema kinyozi taratibu. Akatia mchango wake kwenye kopo bila kumtazama.

Uongo ulikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Kwenye mlango wa pili aliutia uongo huo chumvi kidogo, kwenye wa tatu akaongeza. Jioni alichukua kalamu nene akaandika kwenye mabango yote ya kutangaza mechi: "Njooni mumuunge mkono mwamuzi wetu, ambaye hajawahi kuvuta sigara maishani!"

Ijumaa, shangazi aliingia nyumbani na bango moja mkononi.

"Nisomee," alisema.

Chiriku alisoma.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, shangazi."

"Mimi nimevuta miaka kumi na minane. Huyu simjui."

"Watu wakijua watasema umejitakia! Hawatatoa kitu!"

"Na wewe ukawaitikia." Shangazi alilitandaza bango mezani. "Umewaambia ni kweli, kuna wagonjwa wa kuhurumiwa na wagonjwa wa kuachwa wafe. Mimi umeniweka kundi gani?"

Chiriku alinyoosha mkono alichukue bango, lakini shangazi aliliwekea kiganja juu.

"Kesho nitakuja uwanjani na filimbi yangu," alisema shangazi. "Lakini siipulizi mpaka uongo huu ufutwe na mdomo ulioutunga."

Jumamosi uwanja ulijaa. Wachezaji walikuwa wameshapasha misuli moto, na watu walianza kuuliza mbona mechi haianzi. Mwalimu wa michezo, ambaye shangazi alikuwa ameshamweleza, alimkabidhi Chiriku kipaza sauti. Chiriku alijikaza kisabuni.

"Niliwadanganya," alisema. "Shangazi yangu alivuta sigara, tena miaka kumi na minane. Niliogopa mkijua mtamnyima."

Minong'ono ikazagaa. Bwana mmoja wa mstari wa mbele akasimama. "Basi kajitakia! Mimi nataka mchango wangu!"

Hapo woga ulimtoka Chiriku, hasira ikachukua nafasi yake. Aliliinua kopo juu.

"Njoo uchukue! Lakini ukivunjika mguu leo, tukuulize kwanza nani alikutuma kukimbia? Kitanda cha jirani kule wodini alilala mama ambaye hakuwahi kuvuta, na saratani ni ile ile. Wote wawili walitaka kupumua. Shangazi yangu hamwombi mtu yeyote msamaha kwa kutaka kupumua!"

Watu wawili watatu waliondoka wakiguna. Yule bwana alitazama kulia, akatazama kushoto, akaketi.

Shangazi alitembea polepole hadi katikati ya uwanja. "Sigara iliniharibu," alisema. "Mtoto yeyote hapa nikimkuta nayo, nitamtoa nje mwenyewe. Lakini aliyekwisha kuvuta ana haki ya kutibiwa kama mtu mwingine."

Akaiweka filimbi mdomoni. Mlio wa kwanza ulikuwa hafifu. Alisimama, akavuta pumzi, akapuliza tena, na safari hii hata waliokuwa barabarani waligeuka. Chiriku alikuwa akihesabu kimoyomoyo, machozi yakimtoka.

Mechi ilipokwisha, kinyozi alikuja, kofia mkononi.

"Binti, siku ile nilipokuuliza, sikuwa nafikiria mchango," alisema. "Mimi navuta. Nakohoa tangu mwanzo wa mwaka, na juzi nimeona damu kwenye leso. Nilitaka kusikia kama yupo aliyevuta kama mimi, akatibiwa, na bado anatembea. Uliposema hajawahi, nikajua mimi sina tumaini."

Chiriku alitamani ardhi immeze. "Nisamehe," alisema.

Kinyozi alimgeukia shangazi. "Nikienda hospitali, si watanigombeza, dada?"

"Wakikugombeza nitawapulizia filimbi. Jumatatu saa mbili asubuhi nakupitia. Na sigara uziache."

Njiani kurudi nyumbani, shangazi alimshika Chiriku bega.

"Ulidhani unanisaidia, kumbe ulikuwa unamfungia mtu mlango wa hospitali. Ukitaka kumtetea mtu, mwanangu, mtetee kama alivyo. Ukweli wetu ndio utakaowapa wengine moyo wa kwenda kupimwa mapema."

"Nimeelewa, shangazi."

Jumatatu asubuhi chupa ilichemka mapovu kama kawaida. Shangazi alikuwa ameshavaa viatu.

"Hesabu haraka," alisema. "Kinyozi ananisubiri."