Piga Siku ya Mungu

Siku za soko, duka la maziwa lililo mkabala na kituo cha mabasi cha Mbarara halina pa kuweka mguu. Wasafiri wanataka chai ya maziwa kabla kondakta hajaita, wachuuzi wanataka maziwa ya mgando, na mwenye duka, mzee Bonaventure, anamfokea kila mtu bila upendeleo. Humo ndimo alimoingia Nathalie mwezi wa nane, furushi la vitenge kichwani, blauzi ya kijani imembana kiuno, kilemba cha rangi hiyohiyo kimekaa upande. Aliagiza maziwa ya moto kwa Kiswahili cha Uvira, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

Kijana aliyekuwa akichota maziwa kwenye tangi la chuma aliinua kichwa. Aliitwa Nkusi, mrefu, mwembamba, koti la buluu, buti nyeupe za mpira, na macho ambayo yalisahau kazi papo hapo.

"Batu ba Uvira banakunywaka maziwa?" akauliza. "Mimi nilizani munakunywaka mchuzi ya ndagala tu."

"Na nyie batu ba ng'ombe," Nathalie akamjibu akifungua pochi, "siku moja mutakufa na njaa kando ya ziwa yenye kujaa samaki."

"Wewe Nkusi, wacha maneno," mzee Bonaventure akasema. "Watu iko na njaa hapa."

Kikombe alichopewa Nathalie kilijaa mpaka kikamwagika mezani. Siku ya soko iliyofuata alirudi, na iliyofuata hiyo pia, ingawa kwao, kambini Nakivale, maziwa hayakuwa haba hata kidogo.

Wote wawili walikuwa wakimbizi wa Kivu Kusini, na hapo ndipo tabu ilipoanzia. Nathalie aliishi mtaa wa Kashojwa na mama yake, Mama Constance, na vitenge alivyonunua mjini aliviuza Misiera, humohumo kambini. Ndugu zake Nkusi, wafugaji kutoka milima ya juu, waliishi kambi hiyohiyo upande mwingine. Huko nyumbani, watu wa huyu na watu wa yule walikuwa wamechomeana vijiji na kuuana ng'ombe, na hata ukimbizini kila upande ulikuwa na kanisa lake. Mbarara hakuna aliyejali. Kwa Waganda wote walikuwa Wakongomani tu, na kwa mara ya kwanza maishani mwao jina hilo moja liliwafaa.

Ukutani dukani ilining'inia kalenda ya kampuni ya mabasi, na ukurasa wa Januari, ambao hakuna aliyewahi kuufunua, ulikuwa na picha ya Mombasa, maji ya buluu na mchanga mweupe kama unga. Nathalie aliipenda kabla hajampenda Nkusi, ndivyo alivyopenda kumtania. Dereva mmoja wa mabasi aliwaambia kwamba wakati mzuri wa kwenda ni Januari au Februari, kiangazi, mvua hakuna, bahari imetulia. Basi wakaanza kupanga. Walipanga basi la kwenda Kampala na la kuvuka mpaka, walipanga chumba chenye dirisha, walipanga hata upande wa kitanda. Wakaomba na vitabu vya safari vya wakimbizi. Nathalie alishona gauni la njano lenye mabega wazi. Nkusi alinunua raba nyeupe, akawa anazifuta vumbi kila jioni bila kuzivaa.

"Chéri, kule ni samaki asubuhi na magharibi," Nathalie alimwambia. "Utakula nini?"

"Utakula wewe. Mimi nitakutoleya miiba."

Nathalie alicheka mpaka akashika meza. Lakini kulikuwa na jambo moja, naye hakumficha tangu mwanzo. Familia yao ilikuwa na kesi ya kuhamishiwa ng'ambo, iliyofunguliwa tangu baba yake akiwa hai, na namba ya simu iliyoandikwa kwenye dosie, faili lao la ofisi ya wakimbizi, ilikuwa ile ya simu ndogo iliyokaa nyumbani kwa mama. Simu yake mwenyewe Nathalie ilikuwa imeibiwa sokoni. Kila aliyekaa Nakivale anajua simu ya kesi ni kitu gani. Haizimwi, haikopeshwi, haipelekwi mjini, na haipigiwi hovyo, kwa sababu ofisi inaweza kuita saa yoyote. Saa yoyote isipokuwa Jumapili. Kwa hiyo Nathalie alimpa Nkusi namba na sharti lake: piga siku ya Mungu tu.

Kila Jumapili baada ya kanisa Nkusi alipiga, na Nathalie alitoka nyuma ya nyumba na simu akiwa ameiziba kwa kiganja. Huko ndiko walikofanya agano lao.

"Kama Januari inafika na habajaita, nitabakia," Nathalie alisema. "Tutafunga ndoa, kisha unipeleke ku bahari."

"Na kama banaita?"

"Nitaenda na mama. Macho yake inazimika, Nkusi. Habezi kumuponya hapa, na hawezi kwenda peke yake."

"Basi mimi nitaomba Mungu hiyo simu isilie."

Alisema kwa mzaha, na Nathalie alicheka. Ningependa kuwaambia ulikuwa mzaha mtupu, lakini hata Nkusi mwenyewe asingeapa.

Ikaja Novemba. Jumatano moja Ishema, aliyefanya kazi na Nkusi dukani, alirudi kutoka Nakivale na maneno. Amepita Kashojwa, amemwona mwanamume wa suti amekaa kwa kina Nathalie, soda mezani, mama anacheka. Ishema alisema watu wanaokwenda kuomba mchumba huwa wanakaa hivyo. Mwanamume yule alikuwa Rénovat, mdogo wake Mama Constance, aliyetoka Kampala kumwona dada yake. Nkusi hakujua kama kuna mjomba. Alijua suti tu, na wivu ukampanda kichwani akaacha maziwa yakafura na kumwagika jikoni.

Akapiga simu. Nathalie alikuwa Misiera kwenye biashara, akapokea mama.

"Leo ni siku ya tatu ya kazi, mwanangu," Mama Constance akamwambia kwa upole. "Ungojee siku ya Mungu."

Akapiga tena. Akapiga tena na tena, mchana kutwa. Mama hakuweza tena kusoma kioo cha simu ajue nani anaita. Kila ilipolia moyo wake uliruka, akafuta mikono, akasema alo kwa adabu zote, na kila mara akamkuta kijana yuleyule akiuliza Nathalie yuko wapi na nani. Mwishowe kichwa kikamuuma. Akaizima, akaisukuma chini ya mto, akalala, na alipoamka alikuwa amesahau.

Kesho yake Nathalie aliiwasha, ujumbe ukaingia. Ofisi ilikuwa imewatafuta alasiri yote. Walitakiwa Base Camp, kwenye ofisi za kambi, alfajiri ya siku hiyo, na mizigo yao, na basi la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa limekwisha kuondoka. Nafasi zao walipewa wengine. Waliambiwa wangoje, wataruka Januari.

Januari, kabla siku yao haijafika, nchi ile iliyokuwa iwapokee ikafunga mlango kwa wakimbizi, bila kusema utafunguliwa lini.

Nkusi alikwenda Kashojwa kuomba radhi. Aliikuta nyumba imenyamaza kama ya msiba. Mama Constance hakumfukuza. Alimgeuzia uso pale mlangoni na kusema neno moja tu, na ingekuwa afadhali angemtukana.

"Sauti yako ninaisikia muzuri. Sura yako siionake tena."

Wiki zilipita. Nathalie hakuonekana Mbarara, na Nkusi hakupiga, hata Jumapili. Mwezi wa pili, siku ya soko, akaingia dukani amevaa gauni la njano. Alikuwa amekonda, na mabega yale yaliyoshonewa jua la pwani yalikuwa yamefunikwa kwa kanga. Mzee Bonaventure alimwona, akatoka nje bila kumfokea mtu.

"Januari imepita na nimebakia," Nathalie alisema. "Ona, umeshinda."

"Usiseme vile, chérie."

"Ulifanya kusudi?"

Angeweza kusema hapana, na Nathalie alikuwa amekuja akitamani kusikia hapana. Nkusi alitazama mikono yake.

"Siku ile ilikuwa wivu, basi. Lakini siku zingine zote nilikuwa naomba isilie. Na sasa sijue Mungu alisikia maombi gani."

Nathalie alilia pale pale mezani, mbele ya wachuuzi, na Nkusi akalia naye. Walishikana mikono muda mrefu. Nathalie alimsamehe, na alimwambia hivyo kwa kinywa chake. Nkusi akapata tumaini, masikini, akaanza kusema habari za kanisa, kwamba angewatuma wazee kwa mama, kwamba angemtunza mama yule mpaka mwisho.

"Ninakupenda," Nathalie akamkatiza. "Hata mama nimemwambia. Lakini kila unapocheka, mimi ninasikia simu inalia."

Nkusi alitoa mfukoni tiketi mbili za Mombasa alizokwisha kununua ili azichane, Nathalie akamzuia mkono.

"Enda. Enda uone kama maji ni kama ya kalenda. Halafu uniitie, nisikie."

"Ku namba gani?"

"Ile ile. Siku ya Mungu."

Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, Kashojwa ilikuwa kavu, majani yamekuwa ya kahawia na vumbi limetanda juu ya mabati. Walikuwa wametoka kanisani. Mama Constance alikaa kwenye mkeka, simu mapajani, kwa maana hakuacha kuishika hata baada ya mlango kufungwa. Ikalia. Akamnyooshea binti yake.

Nathalie aliiweka sikioni. Hakusikia mtu. Alisikia maji yakija na kurudi, yakija na kurudi, na watoto wakipiga kelele mbali. Kisha pumzi anayoijua.

"Unasikia?" Nkusi akauliza.

"Ni bao, batu ba ofisi?" mama naye akauliza, uso umeelekea mahali ambapo binti yake hakuwapo. "Nathalie, ni bao?"

"Hapana, mama. Mutu amekosea namba."

Lakini hakukata. Alisimama hivyo na simu sikioni, machozi yakimshuka shingoni, mpaka salio la Nkusi likaisha na bahari ikanyamaza. Kisha akaichomeka kwenye sola ijae chaji, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatatu.