Kilichokaa Kwenye Njia ya Jentrix

Asubuhi ile ya mwaka wa tisini na nane tovuti zote zilifunguka isipokuwa moja tu, ya chuo cha uuguzi kilichompa Jentrix nafasi ng'ambo. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi hiyo. Katika ofisi yake ndogo ya intaneti pale Kawangware 46, Nafuna, dadake Jentrix, alizima modemu, akaiwasha, lakini wapi. Akampigia simu Kavoi, fundi wa kompyuta wa Laini Saba, mchumba wa Jentrix.

Kavoi alipofika aliandika amri ya kufuata njia. "Message hairuki moja kwa moja," alimwambia Jentrix, aliyekuwa amesimama nyuma yake. "Inapitishwa mashine hadi mashine. Hii itatuonyesha inakwama wapi."

Haikufika hata mashine ya kwanza. Akafungua mipangilio ya kompyuta yenyewe, akakuta mstari mmoja wa ajabu: kila kinachoelekea chuoni kigeuzwe, kipelekwe kwenye anwani iliyokuwa humo humo chumbani.

"Nani ameweka hii?"

"Si mimi," Nafuna alisema.

Chumba kilianza kunuka nywele zilizoungua. Kavoi akaufuta mstari. Kidole chake cha shahada kikapinda nyuma, polepole, mpaka kikavunjika ka, kama kuni kavu. Alipomaliza kulia, mstari ulikuwa umerudi.

"Wacha, Kavoi," Jentrix alinong'ona. "Ni yeye. Ni pepo; tangu nikiwa Form Two huja usiku kulala kando yangu. Hataki niende."

Kavoi akaufuta tena kwa mkono wa kushoto, na hapo kitu kisichoonekana kikamnyanyua kwa shingo, kikampigiza ukutani mpaka mabati yakabonyea, kikamrudisha na kumpigiza tena, damu ikimtoka puani na masikioni, huku Nafuna akimng'ang'ania miguu na kuburutwa naye, na spika za kompyuta zikihema kama mwanamume aliyekasirika.

Jentrix akakimbia kumwita Mama Mukai, mwombeaji aliyeuza mboga ng'ambo ya barabara. Mama Mukai akaingia naye ofisini. Alimshika Jentrix kichwa kwa mikono miwili, akakemea kwa Kikamba. Jentrix akaanguka, akajing'ata ulimi, na sauti nzito ikamtoka: "Huyu ni wangu."

"Si wako. Toka."

Kavoi, aliyekuwa ameachiwa akaanguka sakafuni, akatambaa hadi mezani, akaufuta mstari mara ya tatu. Waya wa simu ukavimba, na uvimbe ule ukasafiri kutoka kwenye modemu hadi ukutani, kama nyoka anayemeza panya. Spika zikaacha kuhema.

Ukurasa wa chuo ukafunguka. Jentrix, damu bado mdomoni, akabonyeza kukubali, na nafasi yake ikathibitishwa. Nafuna akamkumbatia, wote wawili wakilia.

"Ameenda?" Kavoi aliuliza.

"Ameenda. Nimemwona akipita hapo." Mama Mukai alikuwa bado anautazama ule waya. "Huu unaishia wapi?"

Jentrix akageuka kuutazama ukurasa wa chuo, uliokuwa bado wazi.