Sabato Mbili za Lafaele

"Kwa hiyo ana mwanamke," alisema Fuatino, mikono imezama kwenye beseni la nguo.

"Mimi sijasema ana mwanamke," Lupe, binamu yake, alijibu huku akimenya ndizi. "Nimesema nimemwona. Jumapili iliyopita, kijiji cha pili, kajifunga lavalava nyeupe kiunoni, imenyooka pasi, pembeni yake kuna binti. Wanaimba kitabu kimoja. Malizia mwenyewe."

Fuatino aliikamua shuka kama anamnyonga mtu. Kijiji kizima kilikuwa kimya, moshi wa majiko ya mawe ukipanda kila ua. Nyumba yao peke yake ndiyo ilikuwa inafua siku ya Jumapili, tena nyuma ya migomba, kwa sababu machifu wakiona kamba ya nguo siku hiyo wanatoza faini. Baba yake, mzee Iopu, alikuwa ameshapenya njia ya vichakani tangu alfajiri kwenda kupalilia magimbi.

Alijifuta mikono, akampigia mchumba wake. Simu imezimwa. Akausoma tena ujumbe wa jana jioni: "Kesho nitakuwa sipatikani, mpenzi. Nimechoka, nalala tu."

"Analala na pasi?" Fuatino alifoka.

"Jumapili zote hapatikani?"

"Zote."

"Na harusi bado wiki mbili." Lupe alitafuna ndizi yake taratibu. "Mimi nimenyamaza."

Hakuwa amenyamaza hata kidogo, ila Fuatino hakumsikia tena. Alikuwa anakumbuka siku Lafaele alipokuja kuomba mke. Mzee Iopu alimsimamisha ndani ya banda la gari, ndilo kanisa lao, mbele ya kusanyiko zima.

"Mama yako ni Mjumapili," mzee alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe?"

"Mimi nimeacha, mzee."

Iopu alimkumbatia mpaka kofia ikamdondoka.

Zamani hakukuwa na Wajumamosi wala Wajumapili. Wasabato wa visiwa hivi walikuwa kitu kimoja, mpaka serikali ilipotaka kalenda yetu ilingane na ya New Zealand na Australia, ikaifuta Ijumaa moja. Watu walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi. Nusu ya kanisa, akiwemo Iopu, wakasema Sabato ni Jumamosi, imeandikwa kwenye kalenda ukutani, mjadala umekwisha. Nusu ya pili, akiwemo Mama Sieni, mama yake Lafaele, wakahesabu kwa vidole: siku sita za kazi, ya saba ya kupumzika. Kidole cha saba kikaangukia siku inayoitwa sasa Jumapili. Fuatino alikuwa darasa la tano. Mpaka leo, kila akijaribu kumweleza mtu jambo hili, hupotea katikati ya sentensi.

"Unakwenda wapi na gauni limelowa?" Lupe aliita.

"Kumng'oa mtu nywele!"

Alifika kanisa la kijiji cha pili wakiwa katika wimbo. Alisimama mlangoni, povu la sabuni bado limeganda kwenye viwiko. Akamwona Lafaele benchi la tatu. Binti alikuwepo.

"Lafaele!"

Wimbo ulikufa benchi moja baada ya jingine.

"Fua..." Lafaele alisimama, kitabu mkononi. "Umekuja?"

"Huyo nani?"

"Telesia. Mdogo wangu. Yule anayesoma Auckland, amerudi wiki mbili zilizopita."

Binti alisukuma miwani yake juu ya pua, akapunga mkono. "Wifi! Karibu. Mbona umelowa hivyo?"

Watoto wa mbele walicheka. Fuatino alitamani ardhi impokee. Kisha akaiona lavalava nyeupe, Biblia, na Mama Sieni aliyekaa upande wake wa pili, na kitu kizito zaidi ya wivu kikamkaa kifuani. Kama ni mwanamke, angemng'oa nywele. Jumapili angeishika wapi?

Lafaele alimfuata kibarazani.

"Ulimwambia baba umeacha."

"Nilimwambia."

"Umeacha?"

"Naacha kila Jumatatu."

"Usinichekeshe, Lafaele. Nitakuzaba kibao hapahapa kanisani."

Alishusha pumzi. "Fua, mimi sijui. Jumamosi nikikaa kwenu, baba yako akieleza, namwona ana haki. Jumapili mama akihesabu, namwona naye ana haki. Nimeshindwa kuchagua, basi napumzika zote mbili. Bosi wangu anasema hajapata kuona mvivu mcha Mungu kama mimi."

"Na mimi ukaniambia unalala!"

"Ningekwambia kweli, ungelazimika kumficha baba yako."

"Ungeniachia niamue mwenyewe!"

"Ndiyo. Hapo nimekosa." Sauti yake ilishuka. "Lakini niambie, Fua. Nimwache mama akae benchi lile peke yake? Au nikae naye, nikukose wewe? Niambie, nifanye hivyo leo."

Fuatino alikuwa amekuja na maneno ya kumfaa mzinzi, na mzinzi hakuwepo.

Mama Sieni alitoka, akaivua kanga ya mabegani, akamfunika nayo lile gauni lililolowa.

"Mwanangu, ingia au ondoka. Lakini msinizibie mlango, mwalimu anaanza somo."

Fuatino akaingia. Hata yeye hakujua kwa nini. Labda miguu ilichoka. Mama Sieni alisogea, benchi likalia, Fuatino akaketi.

Mwalimu alifungua somo la juma, na Fuatino akashtuka. Lilikuwa lilelile! Jana, ndani ya banda la gari, baba yake alilifundisha neno kwa neno, mstari uleule, mpaka swali lile gumu la mwisho.

"Nani atajibu?" mwalimu aliuliza. Watu waliangalia vidole vya miguu yao.

Mkono wa Fuatino ulipanda wenyewe. Alilitoa jibu zima, na mfano wa msumari na ubao uliopinda.

"Amina! Mama, nani amekufundisha vizuri hivi?"

"Baba yangu. Jana."

Kicheko kilianza nyuma, kikakatika ghafla. Kila mtu pale alimjua baba yake ni nani, na wengine walikuwa wamekula naye sahani moja zamani. Fuatino akajiuliza. Kama jana ilikuwa Sabato, leo ni nini? Na kama ni leo, jana alimwimbia nani?

Simu ikatetemeka mapajani. Ujumbe wa baba yake.

"Lupe kaniambia uko huko. Toka."

Ikatetemeka tena.

"Njoo na huyo mwongo."

Nyumbani, mzee Iopu alikuwa amesimama uani, udongo wa shamba bado magotini. Lafaele hakungoja kuulizwa.

"Mzee, nilikudanganya. Kwa uongo ule, naomba radhi."

"Na Jumapili je? Unaiacha?"

"Hiyo sijui, mzee. Nikisema najua, nitakuwa nakudanganya mara ya pili."

Iopu alimgeukia binti yake kama vile Lafaele ni nguzo ya nyumba. "Na wewe uliketi?"

"Niliketi."

"Ukajibu na maswali!"

"Kwa jibu lako, Baba. Walisema amina."

"Jumamosi utasimama mbele ya kusanyiko, uombe msamaha. Usipofanya hivyo, sitoi baraka, na harusi hakuna."

Lupe, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya migomba, aliangusha kibanio cha nguo.

"Baba," Fuatino alisema, "shangazi yuko Pago Pago, kwenye visiwa vya jirani. Kalenda yao haikuguswa. Leo kwao ni Jumamosi, na asubuhi hii alikuwa kanisani, saa ileile niliyokuwa mimi benchini na Mama Sieni. Shangazi naye amepotea?"

Iopu alitazama upande wa bahari.

"Shangazi yako yuko kwake."

"Kisiwa ni hicho hapo! Mpaka wa siku uko wapi baharini, Baba? Nionyeshe, nikasimame upande unaoutaka."

"Usinichanganye, mtoto wewe!"

"Mimi nimechanganyikiwa tangu darasa la tano. Leo angalau nimechanganyikiwa nikiwa nimeketi."

Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ghafla alionekana mzee kweli. "Fuatino. Nina binti mmoja. Nataka kukushika mkono mimi mwenyewe mbele ya mchungaji. Sema neno moja tu, samahani. Hata kwa sauti ndogo. Nitawaambia wazee nimesikia."

Lafaele alimsogelea, akanong'ona, "Sema tu, Fua. Yaishe."

Fuatino alimgeukia, macho yamejaa machozi. "Niseme nisichokiamini, ili nipate harusi? Hicho si ndicho ulichofanya wewe?"

Lafaele aliinamisha kichwa. Hakurudi nyuma.

Fuatino alichuchumaa mbele ya baba yake, akamfuta udongo magotini kwa kanga ya Mama Sieni.

"Ya Lafaele nitamalizana naye mwenyewe, nina maisha mazima ya kumgombeza. Harusi itakuwa Jumatano, Baba, siku ambayo hakuna anayeigombea. Kiti chako kitakuwa mbele, na mkono wangu utakungoja mpaka mchungaji achoke. Ipi ni Sabato, sijui. Lakini niliketi na watu wanaosali, nikasikia somo lako mara mbili, na hilo silijutii."

"Fuatino..."

"Siombi msamaha, Baba. Jumamosi siombi, Jumapili siombi."