Gemu ya Kache na Betri za Mzee Shutu

Kila jioni, Mutheu alipomaliza kuosha sufuria, baba yake Kitonga aliitoa redio yake ndogo kwenye mfuko wa kitambaa na kuiweka juu ya kigoda mlangoni. Hapo hata kukohoa kulikuwa kosa. Kitonga alisikiliza taarifa ya habari, kisha matangazo ya vifo, maana jamaa zake wengi walibaki Ukambani alipohamia huku karibu na Msambweni kulima michungwa na mikorosho. Barua zilichelewa njiani, lakini redio haikuchelewa.

Mwaka huo wa 1998, baada ya zile mvua kubwa zilizobomoa barabara, redio ya Kitonga ilianza visa. Ilikuwa ikisema vizuri, mara ikanong'ona, mara ikanyamaza kabisa. Kisa na maana ni gemu.

Mutheu alikuwa darasa la sita, na akili zake zilikuwa timamu mpaka zilipoingiliwa na matofali. Rafiki yake Kache alikuwa na mjomba, Chengo, mpishi wa hoteli moja huko Diani. Mjomba huyo alimletea gemu ya mkononi: kijisanduku cha plastiki chenye kioo kidogo cha kijivu, ambamo vijitofali hudondoka kutoka juu nawe unavipanga kwa vidole gumba. Mstari ukijaa, unafutika. Usipojaa, matofali hurundikana hadi juu, gemu hulia kilio cha kushindwa, na mchezo huishia hapo.

Muhula wa kwanza, gemu shuleni ilikuwa hiyo moja, na watoto waliipigia foleni kama maji ya bomba. Kufikia muhula wa pili zilikuwa zimezaana. Maduka ya Ukunda yaliyozoea kupanga tochi na saa dirishani sasa yalipanga gemu. Kila mwezi ilikuja aina mpya, na juu yake imeandikwa idadi kubwa zaidi ya michezo: kwanza tisini na tisa, kisha mia tisa tisini na tisa, kisha elfu tisa na ushei. Ukiiwasha, matofali ni yale yale. Lakini nani alijali? Mwenye ile ya tisini na tisa aliificha mfukoni kwa aibu.

Kache hakuwa mchoyo. Aliiazimisha gemu yake kwa yeyote, ila kwa sharti moja.

"Ikizimika mkononi mwako," alisema, "wewe ndiye utakayeiwasha."

Sharti hilo likaenea, na wenye gemu wote wakalifuata. Mutheu aliliona jepesi mpaka gemu ilipomzimikia nyumbani, akiwa karibu kabisa kuvunja rekodi ya Kache. Betri zilikuwa zimekwisha. Alitazama huku na huku, macho yakatua kwenye redio ya baba. Betri zake ni zile zile ndogo, mbili. Akazitoa akazitia kwenye gemu, na zile zilizokufa akazitia kwenye redio.

Alipofunga kifuniko, alijiuliza maswali. Je, huu ni wizi? Alichukua mbili, akarudisha mbili. Mwizi huacha pengo, na hapa pengo liko wapi? Swali hilo akaliacha, akaenda kucheza.

Jioni ile redio ilianza kwa sauti ya mgonjwa. "Tunasikitika kutangaza kifo cha..." ilisema, kisha kimya.

"Cha nani?" Kitonga aliiuliza redio. Aliitikisa. Akaipiga kofi. "Mwongeli, wewe umelisikia jina?"

"Nitalisikiaje, nawe uliyeikumbatia hukulisikia?" mkewe alimjibu.

Kitonga aliziuma betri kwa meno, moja baada ya nyingine, na kulipokucha akazianika juani juu ya banda la kuku, kama watu wote walivyofanya ili zipate nguvu kidogo. Zilipata nguvu ya salamu tu, zikafa tena. Siku mbili alizunguka akiuliza nani amefariki, mpaka akampata mtu aliyesikiliza tangazo lile. Marehemu alikuwa wa mbali, hawajuani kabisa. Kitonga hakujua amshukuru Mungu au aomboleze.

"Nimezinunua juzi dukani kwa Shutu!" alifoka. "Betri gani hizi, zinazeeka kabla ya kuzaliwa?"

Mutheu aliinama akaendelea kuchambua mchele. Baba alinunua nyingine, na wiki iliyofuata gemu ilipozimika tena, nazo zikaenda njia ile ile.

Sasa neno lilikuwa limezuka kijijini kwamba Mzee Shutu anauza betri mbovu. Mama Ngala alisema zake hazikumaliza wiki. Wengine watatu wanne wakasema hivyo hivyo. Hapo ndipo Mutheu alipochanganyikiwa zaidi. Za baba alijua ziliishia wapi, lakini za kina Ngala je? Huenda kweli Mzee Shutu alikuwa na betri mbovu! Wazo hilo lilimpa faraja, nayo ilikuwa faraja ya uongo, kwa sababu kila alipolala ilimkimbia.

Siku moja alitumwa chumvi. Alimkuta Mzee Shutu peke yake dukani, ameinamia balbu ya tochi na waya, akijaribu betri moja moja.

"Shikamoo, Mzee Shutu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie weye mwenye macho mapya. Hapa kijijini redio zimeongezeka?"

"Sijaona, Mzee."

"Wala mimi sijaona. Lakini tangu mwaka uanze, betri ndogo zaniishia upesi mno. Biashara imepanda, na kila anunuaye hurudi kunilaumu. Ajabu hii!" Aliigusisha balbu kwenye betri, ikawaka vizuri, akaitazama kana kwamba ingemjibu. "Nilidhani ni joto la bati. Nimelihamisha sanduku nikaliweka karibu na mtungi wa maji. Hata! Labda nimezeeka, mwanangu, na biashara yanishinda."

Mutheu alitaka kusema kitu. Alitoka mbio hadi nyumbani, na chumvi akaisahau.

Jumamosi Kitonga alikwenda dukani na redio yake kwapani, na Mutheu akamfuata na chupa ya mafuta ya taa. Walikuta watu wamekwisha kusanyika. Mama Ngala alisimama mbele, mikono kiunoni. Pembeni, kwenye baraza ya duka, Kache, Ngala na watoto wengine walikuwa wamezunguka gemu.

"Bwana Shutu," Kitonga alianza, "mimi na wewe tumeheshimiana miaka mingi. Lakini betri zako zimeniaibisha. Nimezunguka kijiji kizima nikimtafuta maiti nisiyemjua!"

"Lisemwalo lipo," Mama Ngala aliongeza. "Na mimi kuanzia leo betri nitaagiza Msambweni. Hata na sukari."

Watu walinung'unika kumuunga mkono. Mzee Shutu alifungua pakiti mpya mbele yao na kumpa Kitonga mbili. Redio ikanguruma.

"Leo inanguruma," alisema Kitonga. "Kesho kutwa itanong'ona."

Mzee Shutu alilivuta sanduku zima la betri na kuliweka juu ya meza ya duka.

"Wallahi, jamani, sijui kosa langu ni lipi," alisema. "Nimezijaribu zote, zawaka. Lakini watu wote hawawezi kuwa waongo, basi mwongo nitakuwa mimi. Kila aliyenunua kwangu aje achukue nyingine bure. Baadaye nitalifunga duka hili, maana sitaki kula haramu uzeeni."

Mutheu alimwona mzee akihesabu betri, akiomba radhi kwa kosa asilolitenda, na aibu ikamchoma kuliko hofu ya fimbo. Alimvuta baba yake shati.

"Baba, si betri."

"Si betri, ni nini?"

"Ni mimi."

Kitonga alimtazama bintiye, akaitazama redio, asielewe hata kidogo. "Wewe umekuwaje betri?"

"Gemu ikizima nachukua zako, halafu naweka zilizokufa kwenye redio. Mara mbili nimefanya hivyo. Mzee Shutu hana kosa." Machozi yalimtoka. "Lakini za kina Mama Ngala sikugusa, Baba. Hizo sizijui. Labda hizo kweli zilikuwa mbovu."

Kwenye baraza mtoto mmoja akaanza kulia kwa kwikwi. Alikuwa Kache.

"Mimi nilichukua za redio ya nyanya yangu," alisema.

Ngala hakulia. Alijaribu kuteleza nyuma ya duka, ila mama yake alimdaka ukosi. "Wewe! Na wewe?" Ngala alitikisa kichwa kukubali. Hapo kila mzazi aligeuka kumtafuta wake, na kila mtoto akatafuta pa kutazama. Kumbe nyumba zote zilipatwa na jambo lile lile, na kila mtoto alidhani ni yeye tu.

Mama Ngala alishusha mikono kiunoni. Maneno yalimwishia, jambo ambalo kijiji hakikuwa kimeliona kabla. Kitonga alimsogelea mwenye duka na kumpa mkono.

"Nisamehe, Bwana Shutu. Nilikuja hapa kukuvunjia heshima mbele ya watu, nami nisamehewe mbele ya watu hawa hawa."

"Nimekusamehe, ndugu yangu," alisema Mzee Shutu. Kisha akamwita Mutheu. "Njoo, mwanangu. Kitu gani kilikufanya unyamaze muda wote huo?"

"Nilichanganyikiwa," alisema Mutheu. "Nilichukua mbili nikarudisha mbili. Nikadhani si wizi."

Mzee Shutu aliwaita na wale wengine wakaribie.

"Sikizeni nyote. Mchezo si mbaya, nami siwakatazi kucheza. Ukitaka betri, mwombe mzazi. Akikunyima, gemu na ilale. Lakini ulichochukua kwa siri umeiba, hata ukirudisha kingine mfano wake. Na wizi wa siri hauishii kwako, hutafuta mtu wa kubebeshwa. Mutheu, betri mbili ulizirudisha. Jina langu nalo ulilichukua, na hilo hukuwa na jingine la kuweka mahali pake."

Mutheu alifuta machozi. "Nitalirudishaje, Mzee?"

"Umeanza kulirudisha sasa hivi, ulipofungua kinywa. Waliobaki hawajasikia. Nendeni nyumba kwa nyumba mkawaambie kwa vinywa vyenu."

Watoto waliondoka kwa pamoja, Mutheu akiwa mbele, wakaanza na nyumba iliyokuwa karibu na duka.