Hakuniruhusu

Fundi wa lifti alianza kumpenda yule mhudumu wa mapokezi kuanzia viatu. Ilikuwa saa sita mchana, mapokezi ya hoteli yamefurika wageni wa mkutano na masanduku yao, naye anachungulia kutoka kwenye shimo la lifti, kichwa usawa wa sakafu, viatu vyekundu viliposimama mbele ya pua yake.

"Kaka, umezikwa au unachipua?"

Akainua macho. Sketi ya kijivu iliyopigwa pasi ikakubali, skafu ya manjano shingoni, na cheko lililowageuza wageni shingo. Ndiyo maana wenzake wa mapokezi walimwita Kengele.

"Nachipua, dada. Nikimwagiliwa maji nitazaa."

"Basi subiri mvua," alisema, akaenda zake. Dakika kumi baadaye alirudi na glasi ya maji.

Miezi minane ikapita, na siku haikwisha bila simu tatu.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula sauti yako."

"Haya, shiba upepo."

Siku moja fundi alimnunulia gauni mtandaoni kwa kadi yake ya benki, kwa kutumia simu ya Kengele. Namba za kadi zikabaki humo, wala hakuna aliyezifikiria tena.

Kisha Kengele akapoa ghafla. Simu alipokea, lakini majibu yalikuwa mafupi, kama yamekatwa kwa mkasi. Siku ya nne benki ikampigia fundi: je, ni yeye aliyenunua tiketi ya ndege?

"Ndege? Mimi safari yangu ndefu ni ghorofa ya kumi na mbili. Nimeibiwa!"

Wakaifunga kadi, wakamwambia akaandikishe malalamiko polisi. Akaandikisha, akatia saini. Baada ya siku mbili mpelelezi akamwita na kumwonyesha jina la msafiri. Alikuwa mdogo wake Kengele.

Alimpigia Kengele palepale, nje ya kituo.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Akaeleza: mdogo wake alikuwa akifanya kazi za ndani ughaibuni, mwaka wa tatu sasa, pasipoti imefungiwa kabatini kwa mwajiri. Siku ile ya tiketi mwajiri aliitupa mezani kwa hasira, akamwambia aondoke leo hii. Kesho angeweza kubadili mawazo.

"Nilikupigia mara sita. Ulikuwa shimoni."

"Na nilipotoka shimoni? Siku nne, Kengele! Mdomo ulikuwa nao."

"Niliogopa. Nilitaka nirudishe kabla hujajua."

"Yaani nibaki mjinga wako." Akakata simu.

Wiki mbili hakumpigia. Alipopata habari kwamba hoteli imemsimamisha Kengele kazi na kwamba kesi inakwenda mahakamani, hasira ilimtoka yote, ikabaki hofu. Alikimbilia kwa mpelelezi.

"Naifuta kesi. Ni mchumba wangu."

Mpelelezi akatikisa kichwa. "Kesi ni ya serikali, wewe ni shahidi tu. Kutumia kadi ya mtu bila idhini yake ni jinai, awe mchumba, awe mkeo. Anaweza kufungwa miaka."

"Nikisema nilimruhusu?"

"Ulisaini kwamba hukumruhusu. Ukidanganya mbele ya hakimu, kizimbani utapanda wewe."

Jioni ya kuamkia kesi alimpigia. "Mpenzi, kesho kana shitaka tu. Mengine niachie."

"Vaa lile shati la bluu," Kengele akasema. "Linakupendeza."

Mahakama ilikuwa chumba cha feni moja na mabenchi yaliyokwanguliwa majina. Kengele alisimama kizimbani kwa gauni jeusi la mikono mirefu, hana hata hereni. Karani akamsomea shitaka.

"Ni kweli, mheshimiwa."

Hakimu, mama wa makamo, akamtazama juu ya miwani. "Unaelewa kwamba kosa hili linaweza kukupeleka gerezani?"

"Naelewa."

Fundi akajikuta amesimama. "Mheshimiwa, nilimruhusu!"

Chumba kizima kikageuka. Kengele naye akageuka, macho yamejaa machozi.

"Hakuniruhusu," alisema. Hakupaza sauti, lakini ilifika benchi la mwisho. "Mheshimiwa, kazi yangu ni kupokea kadi za wageni. Nilijua ninachofanya. Mdogo wangu yuko nyumbani, na kwa hilo siwezi kusema najuta. Najutia siku nne nilizomficha. Tafadhali, huyu asiingie matatani kwa kunipenda."

Fundi akakaa. Miaka tisa alikuwa akining'inia kwenye mashimo ya maghorofa, akitazama chini bila kizunguzungu. Leo, juu ya benchi la mbao, kichwa kilimzunguka. Alidhani anamjua mwanamke huyu, kumbe alikuwa hajafika hata nusu yake. Hakimu alivua miwani, akaipangusa taratibu.

Fundi alionywa vikali. Kengele, kwa kuwa amekiri na ni kosa lake la kwanza, aliamriwa kurudisha fedha zote na kutumikia jamii miezi sita kwenye zahanati ya serikali. Hatia ikabaki kwenye kumbukumbu zake. Hoteli ikamfukuza kazi siku hiyohiyo.

Jumamosi fundi alimkuta zahanati, glavu mkononi, akipiga deki ukumbi wa wagonjwa.

"Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kuomba radhi. Ulihitaji kusikilizwa, nikakata simu."

"Mimi ndiye niliyekukosea."

"Basi tumekoseana. Kengele, nataka kukuoa."

Akaegemea fagio la deki. "Usiniulize nikiwa na adhabu mkononi. Nitajiona nimeokolewa. Niulize nikiwa huru."

Akangoja. Kila Jumamosi alifika, akamsaidia kubeba ndoo, asiulize neno.

Siku ya mwisho muuguzi mkuu alitia saini karatasi, akampa mkono. Fundi alikuwa getini, juani.

"Sasa niulize?"

"Uliza."

Akauliza.

"Nitakukosea tena, fundi wangu."

"Nami nitakukosea."

"Ila nitakuambia siku hiyohiyo."

"Basi?"

"Basi ndiyo."