Madole ya Bluu

— Kandamiza, Bi Mwanasaumu! Usilibembeleze dole, si mtoto hilo.

— Nikandamize vipi tena, mwanangu? Limechakaa kwa kushona makuti, halina hata mistari.

— Hivyo hivyo. Bwana DC akiliona atajua hapa pana mtu.

Wanawake wakaangua kicheko, na Kanze, aliyemshika mkono bibi yule, akacheka nao. Walikuwa wamejipanga uani kwa Sidi, mamake Kanze, huko Mtopanga, mwaka wa 1948, kila mmoja akingoja zamu yake ya kutia dole. Wino wa kutilia madole ulikuwa umekwisha tangu asubuhi. Lakini Kanze alikuwa dobi, na dobi hakosi bluu. Alikoroga bluu ya kufulia kwa wanga mzito, akaitia kibakulini, na kila aliyekuja akatoka na dole la rangi ya bluu.

Walicheka, lakini mzaha haukuwapo. Juma lililopita nyumba ya Kahindi ilibomolewa asubuhi, chungu cha uji kingali motoni. Shamba lilikuwa la Mheshimiwa Ishaka, nyumba ilikuwa ya Kahindi, na mwenye shamba alipolitaka shamba lake, nyumba ikaenda na maji. Mzee Ngala, mjumbe mwenziwe Ishaka barazani, alikuwa ameleta sheria ya kukomesha unyama huo: asibomolewe mtu kabla ya miezi sita, tena alipwe thamani ya nyumba yake. Watu wote waliitaka. Mara mbili ilipelekwa barazani, na mara mbili Ishaka akaitilia pingamizi. Basi watu wakasema liwalo na liwe, wakaamua kumwandikia Bwana DC maombi: sheria ipite, na Ishaka aondolewe barazani.

Nyumba iliyokuwa ikifuata kubomolewa ilikuwa hii hii ya Sidi.

Aliyeandika majina kando ya madole ni Elkana, karani wa baraza, kijana wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Alikuwa mchumba wake Kanze. Ndoa yao ilikuwa imetangazwa kanisani Jumapili moja, zimebaki mbili.

— Elkana baba, akauliza Sidi, mbona huku juu patupu? Maneno yetu yako wapi?

— Yatapigwa kwa mashine ofisini, mama. Kwa Kizungu safi. Wakubwa hawapendi maombi ya mkono.

— Nami nitajuaje mumesema nini?

— Mama! Kanze akadakia. Huyu ni mkweo, si mwizi.

Sidi akaitazama karatasi. Dole lake lilikuwa la kwanza kabisa kwenye karatasi ile, wala halikuweza kutolewa tena.

Jioni Elkana akamsindikiza Kanze kisimani.

— Tukishaoana, Kanze wangu, hutafua tena nguo za watu. Nitakujengea nyumba ya mawe na mabati.

— Kwenye shamba la nani?

— Kiwanja changu mwenyewe.

— Ebo! Umekipata wapi?

— Mungu hamtupi mja wake. Usiulize sana, utaniharibia raha ya kukushangaza.

Kanze akacheka, akamrushia maji. Alimpenda, kwa nini nifiche? Alimpenda hata shati lile jeupe alilipiga pasi yeye, tena kabla ya nguo za watu waliomlipa.

— Baraza linakutana lini? akamuuliza.

— Bado mwezi mzima. Nitawaambia.

Jumapili ndoa ikatangazwa mara ya pili. Jumamosi iliyofuata Kanze akajitwika kapu la vitambaa vya meza, vya ukumbi wa baraza, alivyokuwa amevifua na kuvipiga pasi. Alitaraji kukuta ukumbi mtupu. Akakuta viti vimejaa, Bwana DC kakaa katikati, Mzee Ngala kainamisha kichwa, na Mheshimiwa Ishaka kasimama, kitambi mbele, miwani puani.

— Sheria hii haitakiwi, Ishaka alikuwa akisema. Si mimi nisemaye. Wenyeji wenyewe wa Mtopanga wameandika. Karani, wasomee wajumbe kwa Kiswahili.

Elkana akainuka na karatasi. Hakumwona aliyesimama mlangoni.

— "Sisi wenyeji wa Mtopanga tunamshukuru Mheshimiwa Ishaka kwa kutulinda. Sheria ya nyumba italeta ugomvi baina yetu na wenye mashamba. Tunaomba isipitishwe." Na chini yake, mabwana, kuna madole mia mbili na zaidi.

Akaigeuza karatasi ili wajumbe waione. Lo! Madole yote ya bluu.

Kapu likamponyoka Kanze. Vitambaa vikamwagika sakafuni, naye akavikanyaga akenda hadi mezani.

— Hiyo ni bluu yangu!

— Nani huyu? Ishaka akafoka. Askari!

— Hiyo ni bluu yangu ya kufulia, niliikoroga kwa mikono yangu! Dole hilo la juu ni la mama yangu! Hatukusema maneno hayo! Sisi tumesema sheria ipite na huyu Ishaka atoke!

Bwana DC akamgeukia karani, akamuuliza kwa Kizungu mwanamke yule ana shida gani. Elkana akaikunja karatasi. Akajibu kwa Kizungu kwamba huyu ni dobi, amekuja kudai ujira wake.

— Karani, akasema Bwana DC kwa Kiswahili cha taratibu, mimi ninajua Kiswahili. Yeye hakusema hivyo.

Kanze akanyoosha mkono wake juu ya meza. Kucha zote zilikuwa zimeshika bluu kwenye mizizi.

— Nenda Mtopanga, Bwana, uangalie kucha za watu. Halafu muulize karani wako nani aliyeiacha karatasi tupu huku juu.

— Maneno ya dobi hayo! Ishaka akasema.

— Dobi ndiye ajuaye uchafu wa kila nyumba, Mzee Ngala akamjibu. Bwana DC, naomba sheria ingoje.

Bwana DC akafikiri kidogo.

— Jumatatu asubuhi. Nileteeni maombi mengine, yameandikwa kwa Kiswahili, watu wote wamesomewa. Yasipofika, sheria hii imekwisha.

Alasiri Elkana akaja uani, shati limelowa jasho. Kanze alikuwa anakamua nguo.

— Kanze, nilifanya kwa ajili yetu.

— Yetu nani?

— Mimi na wewe. Ishaka aliniahidi kiwanja. Na nyumba ya mamako isingeguswa, wallahi nilimwomba!

— Na ya Bi Mwanasaumu?

Elkana akaanza kukunja mikono ya shati.

— Na ya Kaviha mwenye watoto sita? Jibu! Mimi ndimi niliyewashika mikono, Elkana! Mmoja mmoja! Nikawaambia kandamizeni, huyu ni mchumba wangu! Umenifanya chambo, ukanivulia watu wangu mwenyewe!

— Nimekosa. Niambie nifanye nini.

— Ulipokuwa ukiniambia nyumba ya mawe pale kisimani, ulikuwa umeshayapanga maneno hayo?

— ...Nilikuwa nimeshayapanga.

Kanze akaikamua nguo ile mpaka ikalia. Machozi yalimjia, akayakataa. Hasira ilikuwa imeyatangulia.

— Kesho ni tangazo la tatu, Elkana akanong'ona. Utakuja kanisani?

— Nitakuja.

— Kweli, mpenzi?

— Nimesema nitakuja. Sasa nitokee uani kwa mama yangu.

Akatoka na tumaini, maskini. Hakuuliza kwa nini Sidi ameketi mlangoni na karatasi mpya mapajani.

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Ishaka alikuwa kiti cha mbele, kama kawaida yake. Padre akafungua kitabu.

— Kwa mara ya tatu na ya mwisho, natangaza ndoa kati ya Elkana na Kanze binti Thoya, wote wa mtaa huu. Mwenye pingamizi na aseme sasa.

Kanze akasimama.

— Mimi, Padre.

— Keti, binti yangu. Wewe ndiwe bibi harusi.

— Ndiyo sababu nasema mimi. Nina pingamizi.

Watu wakaguna kanisa zima. Elkana akainuka nusu, akakaa.

— Kanze, Padre akasema kwa upole, hapa si mahali pa...

— Padre, huyo aliyekaa mbele ametutilia pingamizi mara mbili, na nyumba za watu zikaanguka, wala hakuna aliyemwambia keti. Langu hili ni la kwanza. Nisikilizeni.

Akakunjua karatasi. Aliiandika mwenyewe usiku kucha kwa herufi alizojifunza darasa la Jumapili, nyingine zimelala, nyingine zimesimama.

— "Sisi watu wa Mtopanga tunataka sheria ya nyumba ipite. Ishaka hatumtaki barazani. Maombi ya kwanza yalitiwa maneno yasiyo yetu na karani Elkana. Haya tumesomewa, tukasikia, ndipo tukatia madole." Hilo ndilo pingamizi langu. Siolewi na mtu aliyeuza dole la mama yangu.

Ishaka akachukua kofia yake, akapita katikati ya watu, na hakuna aliyemsogelea kumpa mkono.

Nje, chini ya ukuta wa kanisa, Bi Mwanasaumu alikuwa anangoja na kibakuli cha bluu. Yeye Mwislamu, ndani hakuingia, lakini alikuwa amekusanya nusu ya Mtopanga.

— Soma tena, mwanangu, sote tusikie. Safari hii sitii dole langu gizani.

Kanze akasoma. Akasoma tena kwa waliochelewa. Watu wakatia dole, waume kwa wake, na hakuna aliyehitaji kuambiwa akandamize.

Wa mwisho akaja Elkana. Akachomoa kalamu mfukoni, ajitilie sahihi yake ile ya mikia.

— Rudisha kalamu, Kanze akasema. Tia dole, kama sisi.

Elkana akalichovya dole gumba, akalikandamiza kando ya jina lake.

— Umenisamehe?

— Maombi yanakutaka, kwa kuwa wewe ndiwe shahidi. Mimi sikutaki. Mama, nani mwingine?

Jumatatu Bwana DC akauliza dole hili ni la nani, na Elkana akaliinua mbele ya wajumbe wote, la bluu, akakiri kila neno. Sheria ikapita siku ile. Ishaka akaondolewa barazani kabla mwezi haujaandama, na Elkana akapoteza kazi na kiwanja kwa pamoja.

Baada ya majuma matatu Kanze akaletewa kijibarua, mwandiko mzuri kweli kweli: "Kanze wangu, bluu imenitoka kidoleni. Na hasira yako, je?"

Kanze akaigeuza karatasi, akaandika nyuma yake kwa herufi zake zilizolala na zilizosimama:

"Mimi si wako. Nyumba ya mama ingali imesimama. Usipite njia ya kwetu."

Akampa aliyekileta. Kisha akarudi kwenye beseni lake, maana nguo za watu zilikuwa bado kuanikwa.